Zedi ya Mwalimu Piusi

Siku ya Jumatano, saa tisa alasiri, Mwalimu Piusi Tluway alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kinywani mwa Mzungu.

Walikuwa kwenye baraza ya loji, juu kabisa kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, ukungu umetanda hata bonde halionekani. Mzungu mwenyewe, mzee wa miaka sabini na mbili aitwaye Fintan Mulvey, mwigizaji kutoka Ireland, alikuwa amesimama mbele ya viti vitupu akifanya mazoezi ya hotuba ya mazishi. Alifika katikati akanyamaza. Akameza mate. Kidole chake kikapanda taratibu hadi kwenye kifungo cha juu cha shati, kikakigusa, kikashuka. Kisha akasema kwa Kiswahili:

"Mimi si msasi wa mtoto huyu. Lakini leo najua uchungu wa msasi."

Kwenye karatasi iliandikwa "mzazi." Piusi aliijua karatasi hiyo kama kiganja chake. Alijua vilevile kile kidole ni cha nani, na ile pumzi, na ile s iliyokalia kiti cha z. Vyote vilikuwa vyake.

Tuseme ukweli, lugha ya nyumbani kwa Piusi, Kiiraqw, haina z. Watu wengi wa Karatu husema s na maisha yanaendelea. Lakini Piusi alisomea ualimu, na chuoni mkufunzi mmoja asiye na huruma alimsimamisha mbele ya darasa akamtaka arudie "zizi la mbuzi wa mzee Zaidi" mara thelathini, hadi wenzake wakashika mbavu. Usiku ule Piusi alijiapiza. Alijifunza z kwa miezi mitatu, meno yameumana, na tangu hapo aliilinda kuliko alivyolinda saa yake ya mkono. Ilimponyoka katika hali mbili tu: akikasirika sana, na akiumia sana.

Lusia, mkewe, alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Yeye hakwenda chuo, alisema s maisha yake yote na hakuna aliyemsimamisha popote. Siku Piusi alipomposa alimwambia, "Nakupenda kusidi wote," na Lusia alipenda kusimulia kwamba hiyo ndiyo sababu alimkubali, maana wachumba wengine walikuja na Kiswahili kilichopigwa pasi.

Basi mwaka 1979, nchi ikiwa vitani na petroli ya kutafuta kwa tochi, binti yao Leonida, miaka kumi, alishikwa na homa ya uti wa mgongo Alhamisi na Jumapili akawa hayupo. Padri alikwama Mbulu na gari lisilo na mafuta. Piusi alikuwa pia katekista, kwa hiyo aliongoza mazishi mwenyewe. Aliamua hatavunjika mbele ya wanafunzi wake. Alisoma sala zote kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, macho makavu, na kila z ilikaa mahali pake.

Jioni ile Lusia alimwambia neno moja tu. "Umemsika mwanangu kwa Kiswahili cha redio."

Kuanzia siku hiyo hakumwita tena Baba Leonida. Alimwita Mwalimu, kama walivyomwita majirani na wauza vitunguu. Alimpikia, alimfulia, alimjibu akiulizwa. Miaka miwili ilipita hivyo, na ndipo wakaja watu wa filamu.

Filamu ilihusu padri wa zamani aliyeishi milimani na kuwazika watoto wakati wa tauni. Walihitaji mtu wa kumfundisha mwigizaji mkuu maneno yake ya Kiswahili. Waliitwa walimu watatu. Mzee Fintan alipomsikia Piusi akijitambulisha kwa Kiingereza alipiga paja akacheka, maana Piusi alifundishwa Kiingereza na padri wa Kiayalandi, na alikizungumza kwa mawimbi yaleyale ya juu na chini.

"Huyu hapa," mzee alisema. "Anaongea kama wajomba zangu."

Hawakuchukua siku nyingi kupatana. Fintan alikuwa mwembamba, mrefu wa mikono, nywele nyeupe zinazosimama hata zikipakwa maji. Alianza kazi akiwa na miaka kumi na saba, kwenye kundi la waigizaji waliozunguka vijijini na jukwaa lao juu ya gari, wakicheza kwenye maghala na kumbi za parokia, mchezo tofauti kila siku kwa wiki nzima. Nakala ya maneno ilikuwa moja tu, kwa hiyo vijana walijifunza kwa sikio. Baadaye akacheza majukwaa makubwa ya Dublin kwa miaka ishirini na tano, halafu sinema zikamwita.

"Kwenye sinema nimekuwa padri mara kumi na tisa," alimwambia Piusi. "Polisi mara nane. Mlevi wa kwenye kona, sikumbuki. Ukiniona naingia nimevaa kola nyeupe, ujue kabla ya nusu saa nitakuwa nimekufa."

Piusi alicheka siku hiyo. Alimpenda mzee yule, na hilo ndilo lililomponza. Jumanne, chumbani kwake, mzee alifumba macho, akaziba sikio moja kwa kiganja na kumwomba amsomee hotuba ya mazishi yote mara moja bila kukatiza. Piusi alianza vizuri. Alipofika kwenye "mzazi" akamkumbuka Leonida. Alinyamaza, akameza mate, akagusa kifungo, akaendelea, na kutoka hapo hadi mwisho z zote zilitoroka. Alipomaliza, uso ulikuwa umelowa. Aliomba radhi, mzee akamjibu kwa kichwa, na Piusi akarudi nyumbani akidhani mambo yameishia kwenye kile chumba.

Kumbe hayakuishia. Mzee alikuwa ameyabeba yote. Na Jumamosi angeyasema mbele ya watu mia mbili wa Karatu, waliokodiwa kusimama makaburini, ambao nusu yao walikuwepo alipozikwa Leonida.

Pale barazani, Piusi hajakaa chini, kikohozi kikasikika nyuma yake. Alikuwa Ndugu Seif, Afisa Utamaduni, aliyeletwa kutoka Dar es Salaam kuhakikisha wageni hawaichezei lugha ya Taifa. Ndugu Seif alizaliwa Pangani, na alivaa suti ya Chou En-lai iliyonyooka hata kwenye matope.

"Ndugu Mwalimu," alisema, "huko kwetu msasi ni mwindaji. Huyo padri anazika mtoto au anafukuzia swala?"

"Nitamrekebisha, Ndugu Seif."

"Nimehesabu makosa matano. Jumamosi nikisikia hata moja nasimamisha kazi. Na itabidi niandike kwa Afisa Elimu kwamba mwalimu wa darasa la saba hawezi kutamka Kiswahili. Sipendi, lakini nitaandika."

Piusi hakulala vizuri siku hiyo wala ya pili yake. Alhamisi mzee alikuwa kwenye kujaribu mavazi, kwa hiyo Piusi alifundisha darasani, akafuta ubao ambao haujaandikwa kitu, hadi watoto wakatazamana.

Ijumaa alifika loji mapema, chumbani kwa mzee. "Tuna neno la kurekebisha," alisema. "Mzazi. Ulimi kwenye meno. Mzazi."

"Mzazi," alisema mzee, safi kabisa.

"Zawadi."

"Zawadi."

Piusi alishusha pumzi. "Basi tuanze hotuba."

Mzee alifumba macho. "Ndugu zangu, tumekuja kumzika mtoto. Mimi si mz..." Akasimama. Akafumbua macho. Alirudi mwanzo. "Ndugu zangu, tumekuja..." Akasimama tena. Mara ya tatu hakupata hata "Ndugu zangu." Alikaa kitandani.

"Funga mlango," mzee alisema.

Piusi alifunga.

"Mimi sina maneno tena, Piusi. Yamekwisha. Nina sauti tu, kama wimbo, ukiutoa mstari mmoja wote unaanguka. Miaka miwili iliyopita, Dublin, kwenye mchezo niliocheza zaidi ya mara mia nne, nilisimama jukwaani dakika nzima bila kitu kichwani. Dakika moja jukwaani ni ndefu kuliko ibada ya Ijumaa Kuu. Tangu hapo simu yangu hailii, ila mtu akikosea namba. Kazi hii nilipewa kwa sababu mwongozaji alikuwa akiniona kwenye sinema tangu utotoni mwake. Lakini yuko mwigizaji mwingine London, ameshapimwa kanzu. Nikikwama hata mara moja mbele ya kamera wanamwita."

Piusi alimwonea huruma, halafu papo hapo hasira ikampanda, yote kwa pamoja. "Kwa nini ulichukua ile? Ile ya Jumanne?"

"Ulinifundisha."

"Sikukufundisha! Niliumia mbele yako. Ilikuwa yangu. Nilimsika binti yangu, sikumlilia, nikaja kulilia hapa chumbani kwako, na wewe umeiweka mfukoni!"

Mzee alitazama sakafu. "Miaka hamsini na mitano nimefanya hivyo," alisema. "Naona mtu anaumia, mkono wangu unachukua kabla sijajua. Nilimfanyia hata mama yangu. Samahani, Piusi. Nadhani sijui kuifanya kazi hii kwa njia nyingine."

Akajaribu tena hotuba, kwa z. Alikwama palepale. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyesimamishwa mbele ya darasa, na darasa linasubiri kucheka. Piusi aliujua uso ule. Aliwahi kuuvaa, kwenye zizi la mbuzi wa mzee Zaidi.

"Iache," alisema hatimaye. "Iseme kama ilivyo."

Alitoka bila kuaga. Njiani, ndani ya Land Rover iliyokuwa ikishuka kwenye msitu, alianza kuifikiria Jumamosi. Barua kwa Afisa Elimu aliiogopa, ndiyo. Lakini zaidi aliogopa kicheko. Watu wangemtambua mara moja. Wangesema Mwalimu Piusi hakumlilia mwanawe, akaenda kumuuzia Mzungu machozi.

Jumamosi alfajiri alimkuta Lusia uani, amejifunga kanga mbili, miguu imepakwa mafuta.

"Unakwenda wapi?"

"Kwenye filamu. Wameniandika jana. Kila mtu anapewa mche wa sabuni na kilo mbili sa sukari."

Piusi alimzibia njia. "Bora ubaki leo. Kuna nguo za kufua."

"Kwa sabuni gani, Mwalimu? Si ndiyo naifuata."

"Lusia, ni mazishi. Ya mtoto. Kutakuwa na jeneza dogo."

Lusia alikaza fundo la kanga. "Nimeshasika wa kweli," alisema, akatoka kwenda barabarani, ambako lori la vitunguu la Mang'ola lilikuwa likipakia watu.

Walikuwa wamejenga kanisa la miti na udongo kwenye mteremko ukingoni mwa msitu, na makaburi ya bandia kumi na mawili. Baridi ilikuwa ya kung'ata. Watu walipangwa, na Lusia akawekwa mbele kabisa karibu na jeneza, kwa sababu mwongozaji, Mwingereza mrefu asiyevua kofia, alipenda uso wake uliotulia. Piusi aliwekwa kando ya kamera. Ndugu Seif alisimama hatua mbili kutoka kwake, kalamu mkononi.

Fintan akatoka kanisani amevaa kanzu nyeusi. Alipita mbele ya Piusi bila kumtazama. Alikuwa amefumba macho nusu, midomo inacheza.

Kimya kikaamriwa. Kamera ikaanza kunguruma.

"Ndugu zangu," alisema mzee, "tumekuja kumzika mtoto."

Akanyamaza. Akameza mate. Kidole kikapanda hadi kwenye kola.

Piusi alisikia mtu nyuma akinong'ona, "He! Si Mwalimu huyo!" na kicheko kikafunikwa na kiganja. Wa pili akadakia. Masikio ya Piusi yalimwaka moto. Alitamani kaburi mojawapo kati ya yale liwe la kweli.

"Mimi si msasi wa mtoto huyu. Lakini leo najua uchungu wa msasi. Mungu alitupa sawadi, tukaisoea, tukadhani ni yetu. Naomba mnisaidie kufukia, maana mikono yangu haiwesi."

Kicheko kilikuwa kimekufa. Mama mmoja alianza kulia ingawa waliambiwa wasilie kabla ya ishara, na wa pembeni yake akamfuata. Lakini Piusi alikuwa anamtazama mtu mmoja tu. Lusia alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye jeneza. Wote walikatazwa kutazama upande wa kamera. Yeye alitazama upande wa kamera, akapita na macho yake kofia, taa na nyaya, hadi alipompata mumewe, na hapo yakabaki.

Mwongozaji alipaza sauti, kamera ikazimwa. Akageuka kwa Ndugu Seif. "Kiswahili kiko sawa?"

"Hakiko sawa," alisema Ndugu Seif. "Makosa matano. Inabidi arudie."

Fintan, kando ya kaburi, alisikia. Rangi ilimtoka usoni. Alimtafuta Piusi kwa macho, na Piusi akaelewa kwamba hakuna marudio; yale maneno yalikuwa yameshatumika, na yakiombwa tena hayatakuja.

"Mwalimu," mwongozaji akamwita, "wewe ndiye uliyemfundisha. Kuna makosa au hakuna?"

Watu mia mbili wakageuka. Piusi alifungua kinywa ajibu kwa Kiingereza, kikamkatalia. Akamgeukia Ndugu Seif.

"Ndugu Seif, kosa si lake. Yeye amesema nilivyosema mimi. Mimi nikiumia siwesi kusema ile herufi. Miaka miwili iliyopita nilimsika binti yangu, na nilisema herufi sote visuri, kila moja, kwa sababu niliona haya. Mke wangu yupo pale. Anajua. Andika barua yako. Lakini usimwambie huyu msee arudie."

Ilikuwa aibu, na hakufa. Ndugu Seif alimtazama, akatazama jeneza tupu, akatazama wale akina mama. Alifunika kalamu yake.

"Nilisikia vibaya," alimwambia mwongozaji kwa Kiingereza. "Upepo. Lugha iko sawa."

Watu wakaanza kutawanyika kwenda kwenye mstari wa sabuni. Fintan alikuwa ameketi juu ya jeneza, kanzu imejaa matope. Piusi alimsogelea.

"Nilipita yote?" mzee aliuliza chinichini.

"Yote."

"Sikumbuki hata neno." Alimshika Piusi mkono kwa mikono yake miwili na hakuuachia upesi.

Lori lilirudi Karatu limejaa, linanuka vitunguu, watu wakitaniana kwamba ndiyo maana wamelia. Hakuna aliyemtania Piusi. Alipata nafasi nyuma kabisa, kwenye ukingo, upepo unampiga kifuani. Lusia alikuwa ndani zaidi, amepakata sukari na mche wa sabuni. Walipita lango la msitu wa Ngorongoro. Wakapita njia panda. Piusi alihesabu kona za barabara na kujiambia kwamba Lusia hatasema kitu, kwamba ameona haya mbele ya watu, kwamba sasa hata lile jina la Mwalimu ataliacha.

Karibu na mji Lusia aliinuka. Akapenya katikati ya watu, akishika bega la huyu na la yule, hadi akafika ukingoni. Akamwekea sukari mapajani.

"Kesho baada ya misa twende kwa Leonida," alisema. "Ukamsomee tena."

Piusi alitikisa kichwa kukubali.

"Nitabeba jembe," Lusia alisema. "Majani yamesidi pale, Baba Leonida."